Kutafuta Toleo la Nne

Jumanne, 10 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, siku sita kabla ya tarehe ya watabiri. Ilinikuta kwa Dada. Nilipokuwa navua viatu mlangoni, daftari lake lilikuwa limeshafunguliwa mezani na sentensi imeshaandikwa, kwa hiyo halikuwa jambo lililomjia ghafla.

"Nimesahau nilivyokuwa nikisikika nikiimba."

Nilimuuliza tangu lini. Akaandika kwamba tangu mwezi uliopita. Kabla ya hapo akifumba macho aliisikia sauti. Siku hizi anaona mdomo tu unafunguka.

Kwa kumbukumbu: Dada alifanyiwa upasuaji Novemba. Waliondoa zoloto lote, kile kiungo cha koo kinachotoa sauti, na sasa anapumulia tundu lililo chini ya shingo. Uvimbe haujarudi. Sauti haitarudi. Anaandika kwenye madaftari ya hesabu, ya mirabaraba, na anaandika haraka kuliko mimi ninavyosoma. Binti yake, mpwa wangu mfamasia, ana video moja ya simu ya sekunde kumi na moja ambamo Dada anamfokea muuza mkaa. Wimbo haumo. Redioni kwetu, nilikokuwa mwandishi wa habari, aliimba mara mbili, lakini kanda zilikuwa chache na habari ya leo ilirekodiwa juu ya wimbo wa jana.

Anachokitaka kimo kwenye kompyuta ya marehemu mumewe. Miaka kumi na miwili iliyopita shemeji alimrekodi nyimbo kumi na mbili katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, akaziacha bila kuzimaliza. Kila alipoulizwa alisema kesho. Mimi ndiye niliyempachika jina la Bwana Kesho, na likamganda. Ilikuwa miaka tisa ya kesho, kisha akafariki. Sasa ni miaka mitatu. Dada aliacha kuimba hadharani katika mwaka wa pili wa hizo kesho.

Nimemwahidi wiki moja. Ameniandikia nisiwe kama mumewe.

Alhamisi, 12 Machi

Chumba cha nyuma. Kompyuta ilikuwa chini ya shuka la maua, juu ya shuka kuna beseni, ndani ya beseni maji ya paa linalovuja. Kama beseni lingejaa wiki moja kabla hatujafika, shajara hii ingeishia hapa.

Iliwaka mara ya tatu. Saa yake inasema ni mwaka ambao mpwa wangu alikuwa hajazaliwa. Diski ni mbili. Ya kwanza iliharibika mwaka mmoja baada ya msiba, mpwa akaipeleka kwa fundi fulani akabadilishiwa, na programu zote zikaenda na ile ya zamani. Ya pili, ya nyimbo, ipo, ila inalia tik, tik, kama mtu anayetafuta neno. Faili la mradi lipo. Programu ya kulifungua haipo.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua. Umeme haukuwepo.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeipeleka mashine kwa fundi wanayemwita Makumbusho. Jina limetokana na duka lake: hajawahi kutupa kitu. Mtu wa miaka arobaini na kitu, miwani imefungwa kwa waya, anaongea na kompyuta kwa adabu kuliko anavyoongea na wateja. Aliizunguka ya shemeji mara mbili akasema hii si ya kutengenezwa, ni ya kuamkiwa.

Nilifikiri ni kazi ya kunakili tu. Akanionyesha kwa nini siyo. Programu za kurekodi za miaka ile hazikuhifadhi wimbo kama wimbo. Ziliukata vipande vya sekunde chache, kila kimoja kina namba badala ya jina, na faili la mradi peke yake ndilo linalojua kipi kinafuata kipi. Vipande vilivyomo ni 3,118. Alinichezea vitano. Ngoma, ngoma, gitaa, kimya, ngoma.

Basi twende na programu mpya, nikasema. Programu mpya imefika toleo la tisa. Haikubali kompyuta ya umri huu, na ukiiweka kwenye kompyuta changa, haitambui tena mradi wa zamani hivi. Kulingana na alichokiona ndani ya faili, mradi ulihifadhiwa kwa toleo la nne, na ni toleo la nne litakaloufungua.

"Na toleo la nne linapatikana wapi?"

"Mzee wangu, mashine hizi zinafanana na binadamu," akasema. "Wanaomjua mzee ni wazee wenzake. Tafuta waliokuwa wakirekodi wakati huo."

Akanikataza kuiwasha ovyo. Diski ile, kwa makadirio yake, imebakiza kuwashwa mara ishirini au thelathini tu.

Alhamisi, 19 Machi

Watengenezaji wamejibu barua pepe yangu. Wananishukuru kwa kuwa mteja wao wa muda mrefu na kunishauri ninunue toleo la tisa. Niliandika tena nikaeleza. Wakanishukuru tena.

Jumanne, 24 Machi

Mwalimu wa muziki aliyestaafu, nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha mafuta, alikuwa na CD ya toleo la tatu. Alinipa kwa mikono miwili. Makumbusho aliiweka, ikapokelewa bila tatizo. Tulipofungua mradi ulitoka ujumbe kwamba umehifadhiwa kwa toleo jipya zaidi. Nilikuwa sijawahi kuiona kompyuta ile ikituona sisi ndio wakongwe.

Imebakiza kuwashwa mara kati ya kumi na saba na ishirini na saba, kwa hesabu ya Makumbusho.

Jumatano, 25 Machi

Hakuna.

Alhamisi, 2 Aprili

Barabara ya kwa Dada imekatika kwenye daraja dogo, nilizungukia sokoni. Alisikia hatua zangu akafungua mlango kabla sijabisha. Akaangalia mikono yangu kwanza, kisha uso.

Nilimweleza tulipofikia. Nikaongeza, kwa kumchekesha, kwamba Bwana Kesho angemaliza kazi yake tusingekuwa tunahangaika na vyuma chakavu. Hakucheka. Akaandika kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akanigeuzia daftari.

Aliandika kwamba shemeji hakuwa amekaa bure. Mwezi mmoja baada ya kurekodi alianza kumwomba waimbe tena zote. Si mara moja. Kila baada ya miezi miwili, mitatu. Akimuuliza zile za kwanza zina nini, anasema hazina kitu, turudie tu, zitakuwa nzuri zaidi. Yeye akamjibu kama za kwanza hazikufaa basi za pili zitafaa nini. Mwisho wakawa hawalitaji jambo hilo mezani.

Chini ya ukurasa: "Hakuwahi kusema sauti mbaya. Angesema ningemwelewa."

Nilimwambia mtu mvivu hakosi sababu, na kwamba kurudia ni namna ya kutomaliza. Nilisema kwa uhakika. Naandika hapa kwamba nilisema kwa uhakika.

Jumanne, 7 Aprili

Kuna mtandao mmoja wa watu wanaohifadhi programu za zamani, wanajibizana kama wakusanya stempu. Walikuwa na toleo la tano. Lilichukua siku mbili kupakuliwa kwa sababu ya mawingu na nyaya mbovu. Limeikataa kompyuta: linadai kumbukumbu maradufu ya iliyopo. La tatu ni dogo mno, la tano ni kubwa mno. Makumbusho anasema amewahi kununua suruali za namna hiyo.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Mpwa amepiga simu kuuliza kama tumekata tamaa. Nimemwambia bado. Akasema, "Mjomba, mama amefua kitambaa cha kufunikia spika." 

Jumanne, 14 Aprili

Mpiga besi wa kundi lililopiga vyombo kwenye nyimbo zile sasa anauza mabati na misumari. Nilimkuta anabishana na mteja kuhusu unene wa bati. Aliponitambua alinipigia saluti, kwa ajili ya redio.

CD ya toleo la nne anayo. Shemeji alimpa nakala ili afanye mazoezi nyumbani. Alipekua kabati la risiti nusu saa, akaitoa ndani ya bahasha ya kalenda, imekwaruzika kama sakafu ya darasa, namba ya leseni imeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa shemeji.

Nilipokuwa naaga alitaja jambo nililoliandika kwenye daftari langu la kazi kwa mazoea. Shemeji alimpigia simu mara nne, ndani ya miaka miwili mitatu, akimsihi kundi lirudi wacheze tena, ili bibie aimbe upya. Alikuwa tayari kuwapa nauli zao.

"Nikamuuliza, kwani tulichorekodi kina ubaya gani? Nilikuwepo. Sauti ya yule mama siku ile, tukimsikiliza kutoka uani, ilikuwa safi, hata mpiga ngoma alisahau chai yake.  Jamaa akasema kuna kasoro ndogo ya mashine."

Nilimuuliza kasoro gani. Hakuambiwa.

Njiani nilijaribu kulipanga hili pamoja na ninayoyajua kuhusu shemeji. Mvivu hatoi nauli.

Ijumaa, 17 Aprili

Makumbusho anaisugua CD kwa dawa ya meno na kitambaa cha miwani, kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Jana ilisomeka hadi asilimia sitini na moja ikagoma. Leo themanini na nane. Anafanya kazi bila haraka, anaimba puani. Nimegundua nampenda mtu huyu.

Jumatatu, 20 Aprili

Asilimia mia moja. Anataka diski ipumzike siku mbili, mahali pakavu. Ameiweka ndani ya ndoo ya mchele.

Alhamisi, 23 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne na dakika kumi asubuhi toleo la nne lilikubali namba ya leseni. Saa nne na robo mradi ulifunguka. Mistari ilijipanga kwenye skrini, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na jina lake: ngoma, besi, gitaa la kwanza, gitaa la pili. Makumbusho alisimama kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa heshima. Akabonyeza. Gitaa likatoka kwenye spika, zuri, halina vumbi hata kidogo. Tulisikiliza dakika nzima kabla hatujaona kwamba hakuna anayeimba.

Mistari ya sauti ilikuwepo, mitatu, ina majina. Ndani yake hamna kitu. Makumbusho akafungua nyimbo zote kumi na mbili, moja moja. Hali ni ile ile. Akanieleza kwamba mafundi wa kurekodi, wanapotaka wapiga vyombo warekebishe sehemu zao, huziondoa sauti kwenye mistari na kuziweka pembeni, ndani ya kapu la mradi, wazirudishe baadaye. Akafungua kapu.

"Kapu tupu, mzee wangu."

Nilimuuliza kama diski imezila. Akasema diski ikila haichagui. Hapa imetolewa amri ya kuondoa visivyotumika, na programu imetii: kilicho kapuni kwake ni takataka. Amri ina tarehe. Tarehe 9 Agosti, miaka kumi na miwili iliyopita.

Kuna sehemu ya kuandika maelezo ya mradi. Makumbusho aliifungua, akasoma kimya, kisha akasema anakwenda kununua maji, na maji yalikuwepo mezani. Ninanakili kama ilivyo:

"14 Agosti. Sauti zake zote hazipo. Nimetafuta siku nne. Ni shemeji, alisafisha diski alipomaliza kazi yake. Hajui. Asiambiwe, wala mke wangu asijue, ni mdogo wake anayempenda, na alifanya kama walivyomfunza. Nitamwomba mke wangu aimbe tena."

Shemeji anayetajwa ni mimi.

Ijumaa, 24 Aprili

Chanzo kimoja si habari. Leo nimeshusha madaftari ya kazi ya mwaka ule kutoka juu ya kabati.

Wiki ya tarehe 3 hadi 9 Agosti: chumba chetu cha uhariri kilikuwa kinapakwa rangi. Nilikuwa na kipindi cha dakika arobaini kuhusu wafanyakazi wa bandari, kinachotakiwa Jumapili. Shemeji alinipa chumba chake cha nyuma na kompyuta yake kwa wiki nzima, akaniachia hata ufunguo wa akiba ili asinisumbue. Tarehe 9, mwandiko wangu: "Kipindi kimekabidhiwa saa 6. Diski ilijaa, nimesafisha ghafi zote, zangu na nyingine. Nimemwachia mashine safi kuliko nilivyoikuta."

Kuliko nilivyoikuta. Nilijisifu.

Pale redioni ndivyo ilivyokuwa. Habari ikishatoka hewani, ghafi, zile rekodi ambazo hazijahaririwa, zinafutwa siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenzako wa zamu inayofuata anahitaji nafasi na kwa sababu watu waliokuambia mambo hawapaswi kubaki mezani. Mwandishi aliyeacha ghafi alionekana mchafu kama aliyeacha sahani. Nilifanya hivyo miaka ishirini na sita, mkono ulikuwa haumuulizi kichwa. Nilifungua miradi iliyokuwa mikubwa, nikatoa amri, nikafunga. Sikusikiliza kilichomo. Sikumuuliza mwenye mashine, aliyekuwa sebuleni, hatua kumi na mbili kutoka pale nilipokaa. Nimezipima.

Vyanzo viwili, na vinakubaliana.

Kuanzia hapo yote yanajipanga. Kwa nini alitaka kurudia. Kwa nini hakutaja kasoro. Angesema sauti ni mbaya, angemdanganya mkewe. Angesema zimefutwa, mkewe angeuliza nani. Akachagua kuonekana mvivu. Nami nikampa na jina.

Jumamosi, 25 Aprili

Sikwenda kwa Dada.

Jumapili, 26 Aprili

Sikwenda. Mvua ilikuwa kubwa, lakini si kubwa kiasi hicho.

Jumanne, 28 Aprili

Mpwa kapiga simu mara mbili. Mara ya pili nimepokea, nikasema kuna tatizo la kiufundi. Nilipokata simu nikagundua nimetumia karibu maneno yale yale aliyoyatumia marehemu kwa mpiga besi.

Makumbusho kanitumia ujumbe: kama nataka, anaweza kusema diski ilikufa. Anasema mashine nyingi zimekufa mikononi mwake kwa heshima na hii haitakuwa ya kwanza. Nilifikiria jambo hilo kwa saa mbili. Naandika idadi kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimemjibu hapana.

Jumapili, 3 Mei

Nilifika saa tatu asubuhi. Mpwa alikuwa zamu. Dada alikuwa amevaa gauni la kutokea, sijui kwa nini. Labda alidhani nimebeba habari njema. Nilimwomba akae.

Nilimsomea maandishi ya shemeji neno kwa neno. Kisha nikamsomea daftari langu la tarehe 9 Agosti. Kisha nikamwambia kwamba nyimbo zake hazipo, hazitapatikana, na aliyezifuta ni mimi. Sikusema "kwa bahati mbaya," kwa sababu bahati haikuhusika.

Mtu asiye na sauti akilia, hewa inatoka shingoni. Sikuwahi kuisikia kabla ya leo. Haikuchukua muda mrefu. Akachukua kalamu.

"Alijua."

"Alijua tangu tarehe kumi na nne."

"Miaka tisa."

"Ndiyo, Dada."

Akaandika, akafuta, akaandika. "Nilimwambia hana masikio. Nilimwambia mbele ya mtoto." Halafu akakaa akiangalia dirisha ambalo mvua ilikuwa inalipiga. Nilianza kusema kwamba hata mimi nilimdhania vibaya. Akanyanyua kiganja nikanyamaza. Ni dada yangu mkubwa. Kiganja hicho nimekitii tangu nikiwa na miaka minne.

Akageuza ukurasa mpya.

"Nyinyi redioni mkikosea mnafanyaje?"

Nilimweleza. Tunasoma masahihisho. Kipindi kile kile, saa ile ile, kwa wasikilizaji wale wale waliosikia kosa.

"Msibani ulisema nini?"

Nilikuwa natumaini hatafika huko. Siku ya maziko ya shemeji niliombwa niseme machache kwa niaba ya upande wetu. Nikasema kifo kilimwita, akakijibu kesho, ila mara hii hakusikilizwa. Watu walicheka, msiba ulihitaji kicheko na mimi nilijua kukitoa. Dada naye alicheka, nakumbuka, akiwa amefunika mdomo kwa kanga.

Alipoona nimekumbuka akaandika maneno mawili: "Wale wale."

Akanifungulia mlango mwenyewe nitoke.

Jumatano, 6 Mei

Nimeanza orodha ya waliokuwepo msibani. Nimefika ishirini na tatu.

Jumamosi, 9 Mei

Thelathini na nane. Wawili wamefariki. Mpwa anapiga simu kwa wengine. Kwangu anaongea kwa ufupi, ananiita Mjomba kama mtu anayesoma jina kwenye fomu. Nilimuuliza mama yake anaendeleaje. Akasema anaendelea, na kwamba ameniandikia kitu.

Kilikuwa karatasi ya mirabaraba. Inasema Makumbusho alete kila kilichobaki kwenye nyimbo, chochote, hata kama ni ngoma tupu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimeipeleka karatasi. Makumbusho kaisoma, kaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati badala ya kwenye droo.

Jumapili, 17 Mei

Uani kwa Dada, saa nane mchana, saa ile ile tuliyorudi kutoka makaburini siku ya maziko. Walifika thelathini na mmoja. Viti vya plastiki vilikuwa vimelowa, watu walikalia magazeti. Mpiga besi alikuja na mkewe. Kaka mkubwa wa shemeji alikaa mbele kabisa kwa sababu ya masikio yake.

Nilisimama pale pale niliposimama miaka mitatu iliyopita. Nilisoma:

"Siku ya maziko nilisema marehemu alikuwa mtu wa kuahirisha. Si kweli. Kazi yake aliifanya kwa wakati. Niliiharibu mimi, tarehe tisa Agosti, miaka kumi na miwili iliyopita, kwa kufuta diski yake bila kumuuliza. Alijua, akanifichia mpaka kufa, na aliomba mara nyingi kuirudia. Jina nililompa nalifuta. Nawaomba radhi nyote, na familia yake kwanza."

 Kaka wa marehemu akaegemea mbele, mkono nyuma ya sikio.

"Sijasikia, shemeji. Anza tena."

Sijui kama kweli hakusikia. Nilisoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama ninavyosoma habari. Mara ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu unajua sentensi inayokuja. Alipotikisa kichwa kukubali, watu wakaanza kunyanyuka. Baadhi walinipa mkono. Wengine walipita.

Dada alikuwa mlangoni muda wote. Hakunikaribisha ndani.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua imekatika tangu Jumanne. Watabiri wanasema imekwisha.

Jumapili, 24 Mei

Mpwa alinipigia asubuhi akasema mama anasema nije.

Kompyuta sasa ipo chumbani kwa Dada, juu ya cherehani iliyofungwa, mbali na ukuta wenye unyevu. Makumbusho aliisimamisha Ijumaa na kukataa kulipwa. Alikuwa amefanya zaidi ya alivyoagizwa: alisikiliza mistari yote, mmoja mmoja, saa kwa saa, akitafuta kama kuna kipaza sauti kilichoiba sauti ya Dada kwa mbali. Hakukuta. Dada alikuwa ameimba peke yake, siku nyingine, chumba kimefungwa. Kwenye kipaza cha gitaa la kwanza alikuta kitu kingine, na hakuniambia mimi, alimwambia Dada mwenyewe.

 Dada alinionyesha kigoda. Akanivisha visikizi kichwani, akavirekebisha sikio la kushoto kama anavyomvisha mtoto kofia, akabonyeza.

Kwanza kiti kinalia. Kisha shemeji, karibu sana na kipaza, ana mafua kidogo: moja, mbili, moja, mbili, tatu, haya. Gitaa linaanza, anapiga yeye. Baada ya mizunguko minne anasema kwa sauti ya chini, kwa mtu ambaye siku hiyo hayupo chumbani ila anamwekea nafasi yake, "Ingia, mama."

Haingii mtu. Gitaa linaendelea. Unasikia pale ambapo ubeti unapaswa kuwa, kwa sababu anapunguza mkono ili asimfunike. Kwenye kiitikio anaongeza. Kabla ya ubeti wa pili anasema tena, ingia. Wimbo una dakika tatu na sekunde arobaini.

Dada alikuwa amekaa kitandani akiniangalia, mikono mapajani. Nilidhani nikifika katikati ataniruhusu nivue. Nilipoinua mkono kwenye kisikizi alitikisa kichwa. Nilisikiliza mpaka kiti kilipolia tena na mashine ikazimwa.

Akasogea, akachagua wimbo wa pili. Zipo kumi na mbili.